Tepu Nyeusi Juu ya Taa Nyekundu

Mimi mashabiki wa mpira siwapendi, na nalisema mapema ili tusije tukalaumiana. Sitaji timu iliyochukua ubingwa Jumapili ile, maana nikitaja jina tu nusu yenu mtaacha kunisikiliza muanze kubishana. Inatosha mjue ni timu ya London, mwezi ni wa Mei, jioni jua bado liko juu, na mimi Tatiana, msichana wa Nakuru, niko katikati ya barabara iliyojaa wanaume waliovua mashati, kamera begani, na mkoba wa kurushia matangazo mgongoni, mzito kama mtoto aliyelala.

Kazi yangu ni kupiga picha za habari zinazokwenda hewani papo hapo. Laivu. Watu hudhani ni kazi ya raha. Raha gani? Kwenye mazishi watu hukupisha. Nyumba ikiungua hukupisha. Kwenye sherehe za ubingwa, mtu mzima na kitambi chake anakuja kulamba lenzi. Kulamba kwa ulimi, haki ya Mungu. Mwingine anakumwagia bia kichwani halafu anakuuliza mbona hucheki. Mwaka juzi mmoja alinivuta waya nikaanguka kifudifudi, na wenzake wakanitungia wimbo pale pale.

Ndiyo maana natumia tepu. Kila kamera ina taa ndogo nyekundu kwa mbele. Ikiwaka, ujue uko hewani, nchi nzima inakuona. Mlevi akiiona hiyo taa, wee! Anakuja mbio kama kuku aliyeona mahindi yakimwagwa. Kwa hiyo sisi wa sherehe hizi tunabandika kipande cha tepu nyeusi juu yake. Ripota anajua tukiwa hewani, kwa sababu produsa anamwambia kutoka studio kupitia kidude cha sikioni. Mimi pia najua, maana ninacho kidude hicho hicho. Mashabiki wabaki wakikisia.

Ripota wangu alikuwa Ushma. Ushma wa Stanmore, Muhindi, mrembo, na mkali kama siki. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miezi minane na hatukupendana hata siku moja. Hakuwahi kunisaidia kubeba stendi ya kamera. Hakuwahi kuniuliza nimekula. Picha ikienda upande kidogo, alikuwa anamwambia Noel, produsa wetu, nami nimesimama pale pale: "Tatiana leo amelala." Basi nami nikajitafutia dawa yangu. Nilikuwa namtukana kwa Kiswahili. Kwa sauti ya chini, nikitabasamu, huku nikipangilia lenzi, na yeye akidhani nazungumza na mashine. Kasuku wa poda. Mwenye duka asiyerudisha chenji. Koo la mlango usiotiwa mafuta. Na mengine ya pua yake ambayo sitayarudia hapa. Ilinisaidia sana. Nilikuwa nikirudi nyumbani roho imetulia.

Sasa, asubuhi ya Jumapili hiyo, mdogo wangu Jotham alinipigia simu. Jotham ni mtu mzima, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Ilford. Viza yake imeshikwa na hiyo nyumba. Wao ndio wadhamini, na wakimwondolea udhamini anafunga virago anarudi Kenya. Alikuwa amekaa miaka mitatu na ushee. Akivumilia mpaka itimie mitano, anaomba ukaazi, anakuwa mtu kati ya watu. Lakini meneja wake, mama mmoja anayeitwa Ann, alikuwa anamtafutia sababu tangu Krismasi. Treni ikichelewa, kosa la Jotham. Mzee akimwaga supu, kosa la Jotham. Alishampa onyo la mwisho. Alimwambia hivi: nikikushika umenidanganya hata mara moja, nawaandikia watu wa Uhamiaji siku hiyo hiyo.

"Dada," Jotham akaniambia kwenye simu, "leo niko mgonjwa." Akakohoa. Kikohozi chenyewe cha mbuzi.

"Unaumwa na ujinga," nikamwambia. "Si una shifti leo?"

"Nimeomba ruhusa mara mbili, Ann amekataa. Dada, timu hii nimeingoja tangu niko darasa la nne, tukichungulia mechi kwenye kile kibanda cha video. Haijawahi kushinda nikiwa na akili zangu. Leo ikishinda halafu niko Ilford nabadilisha mashuka?"

"Ndiyo! Badilisha mashuka!"

"Nimeshapiga simu, nimesema nina homa."

Nikashika kichwa. Nikamwapisha kwa jina la mama yetu kwamba atajifungia chumbani aangalie mechi kwa simu. Akaapa. Lakini mimi namjua Jotham, sikio la kufa halisikii dawa, kwa hiyo nikamwongezea: "Na shetani akikutoa nje, uzikimbie kamera. Sebule ya wazee huko kwenu televisheni haizimwi, na imewekwa kwenye kituo chetu kutwa nzima. Ann anakunywa chai yake pale. Ukiona kamera ina taa nyekundu, hiyo ni laivu, kimbia kama umeona polisi."

"Nimekuelewa, dada. Taa nyekundu, nakimbia."

Hayo ndiyo niliyomwambia. Yashikeni.

Jioni, timu imeshinda, barabara ya kwenda uwanjani imefurika. Moshi wa rangi unawasha macho. Mtu amepanda juu ya kibanda cha basi. Kituo chetu siku hiyo kilikataa kutupa mlinzi, eti mashabiki wana furaha, watatudhuru kwa nini? Furaha! Hatukumaliza hata hatua chache kabla mmoja hajamrushia Ushma boksi la chipsi lililojaa siki. Mwingine akamwuliza anatafuta nini hapa, arudi kwao. Ushma akapangusa koti lake kwa karatasi, uso mkavu, akaendelea kutembea. Hilo sikatai, mwoga hakuwa.

"Wale," akasema, akinyoosha kidole. Nawatafsiria, maana mimi na yeye tulizungumza Kiingereza tu. "Nataka wale wawe nyuma yangu."

Kilikuwa kikundi karibu na kituo cha basi, wanaimba wameshikana mabega. Nikawavuta kwa lenzi. Katikati yao, amebebwa mabegani na jitu moja lenye ndevu, hana shati, mishipa ya shingo imemtoka kwa kuimba, alikuwa mdogo wangu Jotham.

Ngai! Rangi za timu alikuwa amejipaka mashavuni tu, vistari viwili viwili kama mtoto wa nasari. Mama yetu angemtambua akiwa Nakuru, itakuwa Ann wa Ilford?

"Pale mwanga mbaya," nikamwambia Ushma.

Ushma akatazama jua, likiwapiga wale watu vizuri usoni. "Mwanga uko sawa kabisa."

"Wamelewa sana. Watatuvamia."

"Hapa wote wamelewa, Tatiana. Wewe kazi yako piga picha."

Noel naye akaingia sikioni. Picha yangu humfikia studio hata kabla hatujaenda hewani, kwa hiyo alikuwa ameshawaona. "Hao hao," akasema. "Hao wana uhai. Msogee karibu, tunaingia baada ya tangazo hili."

Nikapiga kelele kwa Kiswahili, kwa nguvu zote za kifua changu: "Jotham! We Jotham! Toka hapo, nenda nyumbani, tunaingia laivu!" Hakusikia. Kwa zile ngoma na zile vuvuzela angesikia nini? Aliyenisikia ni mlevi mmoja nyuma yangu, akaanza kuniigiza kwa sauti ya kitoto, na wenzake wakacheka, wakanizunguka.

Hapo hasira zikanipanda, na kwa sababu Noel yuko mbali na Jotham hanisikii, zikamwangukia Ushma. Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha simu, anajipaka rangi ya mdomo.

"Huyu kasuku wa poda atanimalizia mdogo wangu leo," nikasema, nikitabasamu kama kawaida yangu. "Amedanganya kazini kwamba ni mgonjwa, Ann atamwona kwenye TV huko Ilford, kesho viza hana. Na huyu mwenye duka atarudi Stanmore alale usingizi wake mzuri."

Ushma akafunga rangi yake ya mdomo, akaitia mfukoni. Hakugeuka.

Akajipanga mbele ya kamera. Nikaona ajabu kidogo. Badala ya kusimama pembeni ili kikundi kionekane, alisimama katikati kabisa, akakiziba nusu. Noel akamwambia asogee. Akasogea kidole kimoja. Nikafikiri ni ukaidi wake tu.

Halafu lile jitu lenye ndevu likamshusha Jotham chini, na Jotham akageuka, akaniona. Uso wake ukafunguka. Dada yake, damu yake, siku kubwa kuliko zote! Akainua mikono. Na mimi namwona kwa jicho moja kwenye lenzi, naona macho yake yakishuka kwenye kamera, yakitafuta. Alikuwa anatafuta taa nyekundu, kama nilivyomfundisha. Hakuiona. Akafurahi zaidi, akaja mbio.

Ile tepu niliibandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Mko hewani," Noel akasema sikioni.

Nikataka kugeuza kamera, nipige mbingu, nipige viatu, lolote. Sikuweza. Yule mlevi wa nyuma alikuwa amenikumbatia pamoja na mikono yangu, ananiyumbisha kwa wimbo wake, ananipumulia bia shingoni. Nilikuwa nimeshikwa pale kama mwizi.

"Ni shangwe ambazo mtaa huu haujaziona kwa kizazi kizima," Ushma alikuwa anasema, na Jotham anakuja, bado kidogo, mbavu zake, kidevu chake, sasa hivi uso wote utaingia kwenye picha.

Ushma akanyoosha mkono bila kuangalia, akanyakua bendera ya timu mabegani mwa shabiki aliyekuwa kando yake, akamrushia Jotham kichwani kama mtu anayefunika sufuria ya wali. Akaivuta pande zote mbili, akaishika shingoni kwa nguvu, akamkumbatia na bendera yake. Mdomo wake ukazama kwenye kile kitambaa. Na mimi, sikioni mwangu, kwenye maiki iliyokuwa inasikika nchi nzima, nikasikia Kiswahili kilichonyooka, chenye harufu ya Kisumu:

"Funika uso, mjinga wewe! Usitoe kichwa!"

Kamera ilinicheza begani.

Jotham aliganda ndani ya ile bendera. Halafu Mungu akampa akili kidogo, akaanza kucheza. Alicheza vile vile, mtu asiye na uso, mikono hewani, na mashabiki wakashangilia. Ushma akacheka kwa watazamaji, akaaga, akarudisha matangazo studio.

"Tumetoka hewani," Noel akasema. "Ushma, hiyo ilikuwa nini?"

Ushma alizima maiki yake. Alimwachia Jotham, akamwambia kwa Kiswahili, polepole: "Nenda nyumbani. Na unawe uso." Jotham alimtazama kana kwamba kituo cha basi ndicho kimesema. Kisha akanitazama mimi. Nikamwonyesha ngumi. Akaondoka mbio kuelekea kituo cha treni, bendera ikiwa bado shingoni.

Ndipo mwenye bendera alipoitaka bendera yake. Alimsukuma Ushma mara mbili kifuani, akamwita mwizi, akamwita na mengine ya kabila lake ambayo sikuyajua kwa Kiingereza mpaka siku hiyo. Nilimkanyaga yule mlevi wangu kisigino, nikajitoa, nikaingia kati na ile stendi ya kamera. Kabla mwenye bendera hajaondoka alimtemea Ushma mate kwenye koti.

Tukajibanza kwenye ukuta wa duka la chipsi. Ushma akatoa kidude sikioni. Mimi nikatoa changu.

"Unajua Kiswahili," nikasema.

"Nyanya yangu alizaliwa Kisumu. Mama yangu pia. Babu alikuwa na duka la vitambaa pale." Alisema kwa Kiswahili, akipangusa mate. "Nyumbani Stanmore, tukitaka wageni wasijue tunasema nini, tunaongea Kiswahili. Kwani ulifikiri ni chenu peke yenu?"

Nilitamani lami ipasuke. Mkenya yeyote London anajua Stanmore imejaa Wahindi wa kwetu, wa Nairobi, wa Kisumu, wa Mombasa. Miezi minane, na sikuwahi kumwuliza watu wake walitoka wapi. Nilikuwa na shughuli nyingi za kumtukana.

"Kasuku wa poda," akasema, akikunja kidole. "Mwenye duka asiyerudisha chenji. Babu yangu alirudisha chenji mpaka siku aliyofunga duka, kwa taarifa yako. Mlango usiotiwa mafuta. Ile ya pua ilibidi nimwulize nyanya maana yake. Alikasirika wiki nzima."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uishiwe. Huishiwi."

Nikafungua mdomo nimshukuru. Akanikata. "Usinishukuru. Wewe ningekuacha uanguke. Nyanya anatunzwa na msichana wa Kakamega, viza yake ni kama ya huyo mdogo wako, anaogopa hata kupiga chafya. Nimefanya kwa sababu hiyo, basi." Akavaa koti lake lenye mate na siki. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Vizuri. Beba stendi yako."

Nilifikiri yameisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Kufika asubuhi, kipande cha video kilikuwa kimesambaa kote: ripota amfunika shabiki mweusi uso asionekane kwenye TV. Watu wakawaka. Na walikuwa na haki ya kuwaka, kwa walichokiona. Mtu mweusi anakuja na furaha yake, mwanamke wa televisheni anamfunika kama uchafu. Kisha Wakenya wenzangu, ambao kwa kutafuta kosa la mtu hawana mpinzani duniani, wakasikiliza sauti vizuri. Funika uso, mjinga wewe. Ala! Muhindi anamwita Mwafrika mjinga, na kwa lugha yetu wenyewe! Wazazi wao walituita hivyo hivyo nyuma ya kaunta! Nilisoma maneno ya watu mpaka nikaitupa simu kitandani. Mengi yalikuwa yale yale niliyokuwa nikimwambia mimi.

Mtu fulani akapata nyumba ya akina Ushma huko Stanmore. Akarusha mayai mlangoni, mchana kweupe, nyanya akiwa dirishani.

Jotham akanipigia simu wakati wa chakula, ananong'ona kutoka stoo ya mashuka. Alikuwa amerudi kazini na kikohozi chake. "Dada, Ann amechafukwa."

"Amekujua?"

"Hapana! Amechafukwa na ripota. Wazee wote sebuleni wanamtukana. Ann amesema yule kijana aliyefunikwa amedhalilishwa, angekuwa yeye angewashtaki. Akaniuliza mimi kama Mwafrika naonaje."

"Ukasema nini?"

"Nikakohoa."

Sikujua nicheke au nilie.

"Dada," akasema, "wameonyesha kwenye TV mlango wa kwao yule ripota ulivyochafuliwa. Yule dada aliniokoa. Nitasema ni mimi."

"Thubutu! Miaka mitatu, Jotham! Unataka kuitupa kwa ajili ya—" Nilitaka kusema kwa ajili ya nani?

"Wakimfukuza, nitasema. Nakwambia mapema." Na mimi namjua. Jotham ana uongo mfupi tu, wa kukohoa. Uongo mrefu haumudu. Kulala sikulala.

Siku ya pili nikaitwa ofisini. Noel alikuwa pale, macho mekundu, na mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi, na Ushma. Ushma hakuwa na poda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso wake wenyewe, na ulikuwa umechoka. Hakunitazama.

"Tatiana," Noel akasema, "hapa kazini wa kututafsiria Kiswahili ni wewe peke yako. Tumeletewa tafsiri za kila namna kutoka mitandaoni. Tumemwuliza Ushma tangu jana alisema nini, na kwa nini, na hataki kufungua mdomo. Asiposema leo, anaondoka. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Alisema nini?"

Akacheza ile video kwenye skrini ya ukutani. Mlango wa nyumba yao umepakwa mayai, watu wanamwita mbaguzi, kazi inamponyoka, na angeweza kujitoa kwa sentensi moja tu: nilikuwa namficha mtu, ndugu yake Tatiana, mwulizeni. Hakuisema. Alikuwa anamlinda mtu asiyemjua, na mimi niliyemwita kila jina isipokuwa lake. Nilimkasirikia. Kweli, nilimkasirikia sana, jinsi mtu anavyoukasirikia mzigo anaojua lazima aubebe.

"Nani, Ushma?" nikasema. "Huyu hajui Kiswahili hata cha kuombea maji."

Noel akasimamisha video. "Sauti ni ya mwanamke."

"Na mimi ni nani? Sauti ni yangu. Nilikuwa karibu na maiki. Angalia mwenyewe, mdomo wake unaonekana?" Wakaangalia. Mdomo wa Ushma ulikuwa umezama kwenye bendera. "Kabla hatujaingia hewani nilimwambia yeyote atakayekuja kurukia lenzi yangu amfunike, nimechoka kulambiwa kamera. Akaja mmoja, akamfunika. Mimi nikamtukana. Nawatukana wote, sichagui. Kama ni ubaguzi, basi nimejibagua mwenyewe."

Yule mama wa ofisi ya wafanyakazi aliacha kuandika. Noel akajisugua uso. "Unaelewa unachosema? Umemtukana mtu hewani, ukamwachia mwenzako abebe lawama siku mbili. Mkataba wako hauwezi kuendelea. Itabidi tutangaze hivyo, leo."

"Tangazeni."

Hapo nikamwona Ushma akiinua kichwa. Alivuta pumzi. Mimi namjua yule mwanamke anapotaka kusema. Nimemtazama kwa lenzi miezi minane, najua koo lake linavyosogea kabla neno halijatoka. Alikuwa anataka kusema kweli, mjinga yule, kwa kiburi chake kile kile.

Nikamgeukia. Nikatabasamu kama kawaida yangu, nikasema kwa Kiswahili, mbele yao wote:

"Nyamaza hivyo hivyo, kasuku wa poda. Ukifungua huo mdomo, mdogo wangu amekwisha, na mimi nimejifukuzisha kazi bure. Mwambie nyanya yako nimekosa. Nyamaza, Ushma, nakuomba."

Alinitazama. Macho yake yalijaa maji, akayazuia hapo hapo. Kisha akamgeukia Noel, nyusi juu, na kile Kiingereza chake cha Stanmore, baridi na safi, kama mteja aliyesemeshwa lugha ya kigeni dukani.

"Samahani," akasema. "Amesema nini?"

Noel akanigeukia nimtafsirie.

"Nimemwomba msamaha," nikasema. Nikavua kitambulisho shingoni nikakiweka mezani, na ile roli ya tepu nyeusi nikaisukuma upande wa Ushma, maana gwaride la kombe lilikuwa mwisho wa wiki na walevi ni wale wale.